Vyumba vinane Maweni, wapangaji saba wameletwa na maji

MwenyePloti (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum, na wasioitika salamu hio basi hamjambo.

Mimi ni mtu wa Malindi, nina kaploti kangu huku Maweni, vyumba vinane vya kupangisha, choo na bafu nje, kisima kimoja uani. Si utajiri, mzee aliniachia vyumba vitatu nikaongeza vitano kidogo kidogo kila nikipata hela ya mabati. Juzi nilikuwa nahamisha daftari la kodi mana lile la zamani limeliwa na mchwa, nikawa naandika upya, jina la mtu, simu, ametoka wapi, aliingia mwezi gani. Kufika kwa ile safu ya ametoka wapi nikashika kalamu nikatulia. Hawa watu nawajua, nimekaa nao barazani, najua kila mmoja kilichomtoa kwao, na kati ya wanane saba wameletwa na maji. Ama yalikuwa mengi, ama hayakuwepo, ama yaligeuka chumvi.

Wa nane amemkimbia mke Mtwapa, huyo tumuache.

Naleta huu uzi kwasababu kila nikisikia redioni wakisema watu wanahama sababu ya tabianchi, picha inayonijia ni ya watu kwenye boti wanaenda Ulaya, kumbe wengine wako hapa uani kwangu wananidai balbu.

Nianze na mama wa namba moja. Ametoka Kipini, kule mto Tana unakoingilia baharini. Alipohamia alishuka kwa pikapu na godoro, sufuria, mashine ya kushonea, na mlango. Mlango wa mbao mzima na fremu yake. Nikamuuliza mamangu huu wa nini, chumba kina mlango tayari, akasema huu ni wa nyumbani, naja nao. Saa hii umeegemezwa ukutani nyuma ya kitanda, amening'iniza nguo juu yake. Anasema baina ya nyumba yao na bahari kulikuwa na minazi sita, alikuwa akiihesabu toka amekuja kuolewa. Mnazi hauanguki siku moja, mchanga unaondoka chini mizizi inabaki nje kama nywele, unainama miezi, halafu usiku mmoja wa upepo wa kusi unasikia kishindo. Ulipoanguka wa tatu mumewe akaanza kufungua misumari ya milango, majirani wakamcheka. Ulipoanguka wa tano jiko likaenda. Mume yuko huko huko hadi leo kwa nduguye ndani ndani kidogo, hataki kuja mjini, mama akaja na watoto na mlango.

Namba nne ni Muorma, mlinzi wa usiku kwenye nyumba ya wageni kule ufukweni. Mtu wa ng'ombe hasa, hata mlangoni anasimama na fimbo yake vile vile kama yuko malishoni. Ule ukame wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya kueleweka, toka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, ulimkuta na ng'ombe sitini. Walianza ndama, wakafuata wanaonyonyesha. Na mnajua waliobaki waliuliwa na nini? Na mvua. Ng'ombe aliyekonda hivo akinyeshewa usiku kucha na ile baridi, asubuhi haamki. Alibaki na wanne akampa kakake, akaja Malindi kwa miguu na lori. Ananiambia yeye si mlinzi, yeye anasubiri ng'ombe. Mwaka wa tatu huu.

Namba mbili kijana wa Ozi, mpunga wao uliingiwa na chumvi, sasa ni bodaboda. Namba tatu mama wa Ganze, kule mvua ikikataa imekataa, anafua nguo za watu. Wa tano na wa saba ni ndugu, mafuriko ya Garsen ya Novemba 2023 yaliwatoa, wakasema watakaa wiki mbili tu. Wa sita mvuvi wa Kizingitini, huyo nitamueleza nikipata nafasi.

Haya, nyinyi mnaonaje? Na huko mliko mnaona hivi hivi au ni ploti yangu tu ina bahati mbaya?

---

Domo_Kaya

Ndugu yangu hadithi tamu ila hebu tusidanganyane, sikuizi kila kitu tabianchi. Mto ukikauka tabianchi, mto ukijaa tabianchi, kuku akifa tabianchi. Watu wa Ozi wameingiwa na chumvi kwasababu maji ya Tana yamezuiliwa juu huko na mabwawa, Masinga 1981, Kiambere 1988, na yale mengine katikati, matano kwa jumla, umeme unaenda Nairobi chumvi inabaki kwetu. Hilo si anga hilo ni watu. Na Ganze pamekuwa na njaa toka babu yangu.

Halafu nielezeni kitu kimoja, kama bahari inapanda mbona hapa Malindi imerudi nyuma? Kuna hoteli nilikuwa nikicheza mpira mbele yake nikiwa mtoto, wimbi linapiga ukuta, leo kutoka kwenye ule ukuta mpaka majini unatembea mpaka kandambili zinakuunguza.

---

MwenyePloti

Domo hilo la Malindi umelileta vizuri mana ni hadithi ya wahamiaji pia, ila anayehama ni udongo. Mto Sabaki unaanzia juu huko unaitwa Athi, ukifika Tsavo unaitwa Galana, na njiani unazoa ardhi ya Ukambani ilokatwa miti, unaileta mpaka hapa mdomoni. Ndo ile bahari nyekundu tunayoiona mvua zikipiga bara, watalii wanakunja uso. Udongo unatua, ufuo unasonga mbele. Kwa hio bahari haijarudi, ni Machakos imekuja. Mkulima wa kule anapoteza shamba, mwenye hoteli hapa anapoteza bahari, matumbawe yanafunikwa tope. Na Kipini ni kinyume, mchanga ambao mto ungewaletea unakwama kwenye mabwawa, bahari inakula bila kurudishiwa.

Kuhusu mabwawa sikubishii. Kijana wa namba mbili alinieleza vile walikuwa wakilima nikashangaa. Bahari ikijaa inausukuma mto nyuma, maji matamu yanapanda yenyewe mpaka mashambani, yakipwa yanashuka, hakuna pampu hakuna mfereji wa serikali, mwezi ndo unawamwagilia. Inataka mto uwe na nguvu tu. Mto ukiwa dhaifu, iwe ni bwawa iwe ni ukame, kinachopanda shambani ni bahari yenyewe. Mwaka wa kwanza mpunga ukawa njano kwenye ncha. Baadaye miembe ikaanza kufa kutokea juu. Miembe ya babu yake. Sasa yeye atakaa pale aulize ni asilimia ngapi bwawa na ngapi anga?

---

NahodhaMstaafu

Watoto wangu nasoma kwa miwani ya mke wangu nisameheni makosa.

Mimi mtu wa Faza, bahari nimeifanya miaka arubaini na zaidi. Nataka kusema jambo moja kuhusu hili neno kuhama. Sisi tulikuwa tukihama sana. Kuna kwenda dago, vijana wa leo huenda hamlijui, mnatoka na mashua na wake zenu wengine, na vyungu, mnapiga kambi ufuo wa mbali penye samaki, miezi miwili, mitatu, minne, mkikausha papa na ng'onda. Wapemba wakija kwetu, sisi tukienda mpaka Kismayu. Na babu zetu wengine waliletwa na kaskazi kutoka Arabuni, wengine walitoka Hadhramaut sababu ya njaa na ukame huko kwao, wakasema tutarudi na kusi. Wengine walirudi, wengine ndo sisi.

Lakini dago ilikuwa na kurudi. Upepo ukigeuka unajua mwezi wa kurudi, mke anajua, anayekudai anajua. Huyu mama wa Kipini na mlango wake amekwenda dago ambayo haina mwezi wa kurudi. Hio ndio mpya. Na Waorma nao vivyo hivyo, walikuwa wakishuka na ng'ombe kwenye delta ya Tana wakati wa kiangazi na kupanda mvua ikinyesha. Kuhama kwao kulikuwa ndio kukaa kwao.

Na Domo usiicheke habari ya bahari. 1998 nilikuwa nje ya Kiwayu, maji yalikuwa moto mpaka ukitia mkono unahisi, ilikuwa baada ya ile El Nino ya 97, nikachungulia chini matumbawe yote meupe kama mifupa. Mwanzo yalikuwa mazuri hayo, kama yamepakwa chokaa, nikawaita vijana waje waone. Baada ya miezi yakaota majani ya kahawia na samaki wa miambani wakapungua. Tukaanza kwenda mbali zaidi, mbali inataka injini, injini inataka mafuta, mafuta yanataka mkopo. Mvuvi wako wa namba sita nadhani hesabu yake ni hio hio.

---

MwenyePloti

Shikamoo nahodha. Ni hio hio kabisa, alikuwa wa kamba na pweza, akauza mashua kulipa deni la mashine, sasa anabeba samaki wa watu pale sokoni kwa mkokoteni. Anachonuna zaidi ni kwamba anayemtuma hajui kutofautisha changu na tasi.

---

BintiWaShela

Jamani mmesahau Takwa? Mimi mtu wa Shela, Lamu, sio Shela ya Malindi. Sisi kijiji kizima ni matokeo ya huu uzi. Takwa iko ng'ambo Kisiwa cha Manda, mji wa mawe, msikiti, kaburi lenye mnara limeandikwa mwaka wa Hijria ambao ni 1681 au 82 hivi. Muda mfupi baadaye watu wakatoka wote. Wengine wanasema ugomvi na mji wa Pate, wengine wanasema visima viliingia chumvi, mimi naona mtu hachagui, kisima kikiwa kichungu na jirani akiwa mkorofi vyote viwili vinakusukuma. Wakavuka kuja Shela. Mpaka leo wazee wetu huvuka kurudi kule kuomba dua ya mvua penye lile kaburi. Yaani watu walihama sababu ya maji na mpaka leo wanarudi palepale kuyaomba.

Na Gedi hapo kwenu karibu na Watamu ni vile vile, kuna kisima unaona kabisa kilichimbwa tena kuongezwa kina, maji yalikuwa yanawakimbia chini. Uongeze na mashambulizi ya Wagalla na Wareno kuvuruga biashara, mji ukabaki na nyani na miti. Leo tumeutia kwenye orodha ya urithi wa dunia, 2024, watalii wanapiga picha. Najiuliza Kipini nayo itakuja kuwekewa tiketi.

Sasa huku Shela maji yetu yanatoka kwenye yale matuta ya mchanga. Mvua inaingia mchangani, inachujwa, maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki mpaka uyachokoze. Ukivuta sana, mvua ikawa chache, chumvi inapanda. Mji wote wa Lamu unategemea matuta hayo, na watu wanayajengea nyumba za kifahari zenye mabwawa ya kuogelea. Bibi yangu alikuwa akionja maji ya kisima kila asubuhi kabla hajapika chai, nilikuwa nadhani ni ushamba.

---

Domo_Kaya

Binti umenipata kidogo hapo kwa Takwa. Lakini bado, bahari inapanda milimita ngapi kwa mwaka? Nne? Kucha yangu ndefu kuliko hizo. Milimita nne zitaangusha mnazi?

---

msomi_wa_jioni

Naomba niingie hapo. Ni kama nne kweli kwa wastani wa dunia sikuizi, na toka 1900 imepanda sentimita ishirini hivi. Ila ufuo wa kwetu ni tambarare, Domo. Mimina maji kwenye sinia uongeze kidogo tu uone yanavyotambaa mbali. Halafu ule mnazi hauangushwi na wastani, unaangushwa na usiku mmoja ambapo bamvua, yale maji makuu ya mwezi, limekutana na kusi kali, na hio sentimita ishirini iko chini imeinyanyua yote. Ongeza mchanga usiokuja kutoka mtoni, ongeza mikoko ilokatwa. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ilikatwa kwa miaka na miaka kupelekwa Arabuni kujengea mpaka serikali ikapiga marufuku kusafirisha nje 1982. Mkoko unashika tope, ukiutoa umefungua mlango.

Na huo ukame wa mpangaji wa namba nne, wanasayansi waliuchunguza 2023 wakasema bila joto hili tulilosababisha binadamu usingekuwa hivo, umefanywa uwezekane angalau mara 100 zaidi. Mvua hazikukosekana tu, joto lilikuwa linanyonya hata kile kidogo kilichoanguka. Baada ya hapo mwisho wa 2023 ikaja El Nino, na wakati huo huo bahari ya upande wetu ikapata joto kuliko upande wa Indonesia, hayo mawili yakishikana sisi tunapata mafuriko. Ndo wale ndugu wa Garsen. Ardhi iliyokauka miaka miwili inakuwa ngumu kama sakafu, maji hayaingii, yanapita tu na kila kitu.

Kuhusu Ulaya, MwenyePloti una haki. Benki ya Dunia ilitoa ripoti 2021, inasema hadi watu milioni 216 wanaweza kuhama ifikapo 2050 sababu ya maji, mavuno na bahari, hadi milioni 86 Afrika kusini mwa Sahara, na hio hesabu yote ni ya watu wanaohama NDANI ya nchi zao. Kutoka Ganze kwenda Maweni. Na wakasema kama tutachukua hatua mapema inaweza kushuka hadi asilimia 80, hilo magazeti hayaliandiki.

---

Domo_Kaya

Haya, asante kwa sinia. Sasa sheria inasemaje, mama wa Kipini ni mkimbizi?

---

msomi_wa_jioni

La. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unataka mtu awe na hofu ya kweli ya kuteswa kwa rangi, dini, uraia, kundi au siasa zake, na awe amevuka mpaka. Bahari haina chama. Kuna bwana wa Kiribati, visiwa vya bahari ya Pasifiki, anaitwa Ioane Teitiota alikwenda New Zealand akasema kwetu kunazama nisirudishwe, akashindwa mahakamani, akapeleka kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, Januari 2020 wakasema kwa ushahidi wake hawaoni kosa kurudishwa, lakini wakaacha mlango wazi kwamba nchi haiwezi kumrudisha mtu pahali ambapo tabianchi inatishia uhai wake. Kwa Afrika kuna Mkataba wa Kampala wa 2009, huo unawataja waliohamishwa ndani ya nchi yao na unataja hata mabadiliko ya tabianchi. Kwa karatasi tuko mbele ya dunia.

---

Domo_Kaya

Kwa karatasi. Nimesoma kuna nchi ya visiwa huko huko Pasifiki, Tuvalu, wamefanya mapatano na Australia, watu 280 kila mwaka wanapewa visa, wanachaguliwa kwa kura. Pate tutapewa lini, hata kura ya Mombasa tu?

---

MamaMahamri

Mimi nauza mahamri na mbaazi hapo Majengo, naona hamjazungumzia wanaobaki. Nyote mnazungumza waliokuja. Huyo mama wa Kipini alikuwa na nauli ya pikapu, alikuwa na cherehani. Mimi dadangu yuko Magarini ndani ndani, hana hata cha kuuza akapate nauli, mbuzi wamekufa, mume kaenda Mombasa kutafuta kibarua simu imezimwa mwezi wa sita sasa. Anaamka saa tisa usiku kwenda kupanga foleni ya maji, mtungi mmoja nusu siku, mtoto wa kwanza ameacha shule akae na wadogo. Yeye hajahama. Kwenye hizo hesabu zenu za mamilioni hayumo.

Namtumia mia mbili mia tatu kwa simu. Nilimwambia njoo akaniuliza nije nikae wapi, nikanyamaza mana mimi mwenyewe tunalala watano chumba kimoja.

---

msomi_wa_jioni

Mama umesema jambo kubwa. Kuna utafiti wa serikali ya Uingereza wa 2011 ulifika hapo hapo, kwamba tabu hio hio inayomtoa mmoja ndo inayommaliza mwengine nguvu za kutoka, na wanaokwama wanaweza kuwa wengi kama wanaohama. Ila wewe umelisema vizuri kuliko wao.

---

MwenyePloti

MamaMahamri nimesoma nikaweka simu chini.

Nakiri daftari langu linanidanganya basi. Linaonyesha waliofika tu. Nilikwenda Kipini mwezi wa nane kumpelekea mume wa namba moja dawa za presha, nikamkuta amekaa chini ya mwarobaini anashona wavu. Akanitembeza. Akawa anaonyesha baharini kwa kidole, pale palikuwa kwa fulani, pale palikuwa na kisima, pale tulikuwa tukisomea chuo cha Kurani. Anaonyesha mawimbi. Nikamwambia ami twende, chumba kipo, mkeo yupo. Akasema mimi nikija Malindi nitakuwa mtu wa chumba namba moja, hapa kila anayepita ananijua babangu alikuwa nani. Sikuwa na jibu. Njiani kurudi nikawa nafikiri ile Tana yenyewe haikuwa ikitokea hapo Kipini, zamani ilitokea kusini huko, karne ya 19 watu wakachimba mfereji Belazoni kuunganisha na mto wa Ozi, mto ukapenda njia mpya ukahamia wote. Kwa hio hata huo mto ni mgeni pale.

---

BintiWaShela

Kule Panama kuna kisiwa cha Gardi Sugdub, 2024 familia kama mia tatu zilihamishiwa bara wakati mmoja, serikali imejenga nyumba kwa mistari. Nimeona video wazee wanalia lakini wanalia pamoja. Najiuliza ipi afadhali.

---

MwenyePloti

Hapo ndo tofauti. Wangu hakuna aliyehamishwa. Kila mtu kajihamisha peke yake, siku yake, kwa deni lake, hata wa Kipini na wa Ozi ambao ni kama majirani wamekuja kujuana kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ndo mana hakuna anayewahesabu. Chifu wa kule anajua wamekwenda mjini, chifu wa huku anajua wamekuja kutafuta kazi.

---

NahodhaMstaafu

Nataka kuongeza halafu nilale. Msiweke kila kuhama kwa anga. Mimi nilibebwa mtoto mchanga wakati wa vita vya shifta, serikali na waasi miaka ya sitini, vijiji vya Wabajuni bara vikabaki vitupu, watu wakaingia visiwani na Malindi na Mombasa na vingine havijarudi mpaka leo. Huo haukuwa ukame. Mtu ukimuambia ni tabianchi ilhali alifukuzwa na bunduki au alinyang'anywa shamba umemdhulumu mara ya pili.

Lakini na hili: mtu akishafukuzwa mara moja, wimbi dogo linamtoa mara ya pili. Waliorudi bara kwao wakakuta kisima chumvi hawakukaa. Hawakuwa na mizizi tena ya kung'ang'ania. Kwa hio Domo na msomi mnavutana kamba moja.

---

Domo_Kaya

Nahodha umenifunga mdomo na ni kazi ngumu hio. Ila bado nasema mabwawa.

---

OziMpakaLeo

Jamani mimi ndo namba mbili 😂 mwenye ploti hakuniambia ananiandika. Nimeonyeshwa huu uzi na abiria.

Sahihisho kidogo, miembe haikufa yote, upande wa juu mbali na bahari iko. Na mpunga tunajaribu bado, mamangu hajaacha, mafuriko yalipokuja yaliosha chumvi kwenye baadhi ya mashamba, watu wakapanda haraka haraka wakapata gunia mbili tatu. Kwa hio hayo mafuriko mnayolia Garsen, sisi chini tulikuwa tunayashangilia kimya kimya. Inauma kusema lakini ni kweli. Maji yanayomtoa mtu juu ndo yanayomrudisha mtu chini.

Mimi mwezi ujao mvua zikianza vizuri nakwenda kupanda. Pikipiki namwachia binamu. Mwenye ploti nilikuwa nikwambie jioni, usikasirike.

---

MwenyePloti

Sijakasirika. Ila ungeniambia kabla sijanunua kitasa kipya.

Na nimuombe BintiWaShela aache kuzungumzia bibi yake na kuonja maji, mana toka juzi nimeanza kuonja kisima changu kila asubuhi na sasa sijui kama ni ulimi wangu ama ni kweli. Mke wangu anasema chai iko sawa. Mama wa namba tatu anayefua nguo anasema sabuni haitoi povu kama zamani, anatumia mche mmoja na nusu pahali alipokuwa akitumia mmoja. Sikumuuliza, alisema mwenyewe.

---

BintiWaShela

Sabuni haidanganyi. Funika hio pampu yako, rudi kwa ndoo na kamba kwa muda.

---

MwenyePloti

Wapangaji wataniua. Nitajaribu.

Basi kwa wanaonitafuta: namba mbili itakuwa wazi kuanzia tarehe moja, elfu tatu na mia tano, umeme wa tokeni, kitasa kipya. Maji ya kisima ni ya kufulia na kuogea, ya kunywa utanunua mtungi kwa mkokoteni.

---

MamaMahamri

Ni mbali na barabara? Mwenye watoto wanne anaruhusiwa?

---

Domo_Kaya

Mama mwambie dadako aje, nauli ya kutoka Magarini mimi nitaituma. Nitumie namba kwa meseji ya ndani usiiweke hapa.

---

MwenyePloti

Watoto wanaruhusiwa. Mwezi wa kwanza tutazungumza.